Maua ya Asta Arusha: Siri Yote Iko Kwenye Taa ya Baraza

Haya wapendwa, karibuni tena, tuko Njiro, Arusha, na leo sina subira kabisa. Hili ndilo ua la asta, lile la kudumu, siyo lile la msimu mmoja. Udongo, samadi, maji, hayo mnayajua, naruka.

Nataka muone hivi vyungu viwili. Sogea na kamera, sogea. Miche hii mama yake ni mmoja. Mwezi wa tano nilipasua shina na mizizi yake kwa kisu, nikapanda siku moja, udongo uleule. Huu wa kushoto hata shibiri mbili haujafika, umechuchumaa hapo na vimaua vya zambarau. Wa kulia, jamani, umenifika kifuani! Majani matupu. Mbolea? Hapana. Huu mrefu ulilala chini ya taa ya baraza, ule mfupi ulikaa nyuma ya banda, gizani.

Asta inapima usiku. Kwao Marekani Kaskazini, majira ya joto mchana ni mrefu, shina linapanda juu. Ikifika Septemba usiku unarefuka, ndipo inachanua. Ndiyo maana wanaiita ua la vuli, siyo vuli yetu ya mvua, ile yao ya majani kupukutika. Sisi hapa usiku ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mche unazaa maua ungali mtoto. Wakulima wa maua ya kukata huku karibu na ikweta wanawasha taa usiku kwa sababu hiyohiyo: taa inaufupisha usiku, shina linarefuka kwanza. Sasa mtu ananiuzia mche shilingi 7,000 na habari ya taa haniambii! Iliniuma sana.

Mtasema waridi ni nafuu. Sawa, lakini shina hili moja nimeshaligawa vyungu saba. Krisanthemamu ndiyo mpinzani wa kweli, nayo tabia yake ni hiyohiyo ya usiku. Ubaya wa asta ni unga mweupe kwenye majani ya chini, basi mwagilia shinani, majani usiyaloweshe. Wiki ijayo nitakuwa Moshi, kule kuna joto zaidi, bonyezeni kengele msinikose.

Ngoja, msiondoke. Ule mrefu nimeuzimia taa wiki nne sasa. Leta kamera hapa kwenye ncha, karibu zaidi. Mnaviona? Vitumba! Kimoja, viwili, vitatu... na huku chini vingine!