Mabehewa ya mfano ya mizigo ya reli ya Tanga kwa 1:87 (mara 87 madogo kuliko halisi): uzoefu wangu na karakana ya printa ya 3D

Kwa wenye haraka: mabodi (maumbo ya nje ya behewa) ni mazuri, bei inavumilika, magurudumu yao achana nayo, na usikubali katalogi yao ikuchagulie treni.

Karakana ni ya vijana wa Dar es Salaam. Unawapelekea mchoro na vipimo wanakuchapia bodi la behewa, au unachagua kwenye katalogi yao. Behewa la mizigo lililofunikwa niliuziwa shilingi 40,000 bila magurudumu. Mzigo ulikuja kwa basi, nikaupokea stendi ya Kange, umefungwa vizuri, hakuna kilichovunjika.

Kwanza kipimo. Reli yetu ina upana wa mita moja, na kwa 1:87 mita hiyo inakuwa kama milimita 11.5. Njia inayokaribia ni ya milimita 12, ile iitwayo HOm, ambayo kampuni za Bemo na Peco zinatengeneza. Ya milimita 16.5 ndiyo imejaa kila duka la mtandaoni, lakini hiyo ni ya reli pana ya Ulaya. Behewa la Korogwe likikaa juu yake linaonekana kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Katalogi yao ina mabehewa ya Kijerumani na ya Kimarekani, na yanavutia kweli. Lakini yale ya Kijerumani yana bafa (vyuma vya kupokea msukumo behewa likigusana na jingine) mbili, kushoto na kulia, wakati ya kwetu yalikuwa na bafa katikati pamoja na kiungio. Hata mchoro wangu ulirudi umeongezewa bafa za pembeni, eti programu yao ndivyo ilivyozoea. Nikawapigia, kijana akaniambia, "Samahani mzee, tunakuchapia upya," na hawakunitoza. Hapo nawapa heko.

Sasa kazi yenyewe, kuchagua. Mimi nilianza na mwaka, nikashika 1964. Mwaka ukishaushika, mambo mengi yanajiamua. Mwenye mabehewa ni EAR&H, shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, kwa sababu Reli ya Tanganyika na ya Kenya na Uganda ziliunganishwa 1948, na TRC, shirika la reli la Tanzania, ilikuja baada ya mwaka 1977. Njia ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi, inayounganisha reli ya Dar na ya Tanga, ilifunguliwa 1963, kwa hiyo behewa la kutoka Dar lina haki ya kusimama stesheni ya Tanga. Ungechagua 1955, mabehewa yako ya wageni yangepitia Voi na Kahe tu, njia ambayo Waingereza waliijenga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na behewa la saruji nililolipenda sana nililiacha, maana kiwanda cha saruji cha Tanga kilianza uzalishaji 1980.

Kisha mzigo. Mwaka huo wa 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na sehemu kubwa ilitoka mashamba ya huku kwetu, robota za kilo 250 zikishushwa bandarini kupakiwa kwenye matishari kuelekea meli zilizotia nanga mbali. Kwa hiyo treni yangu karibu yote ni mabehewa yaliyofunikwa, yanafanana, yanachosha kuyatazama moja moja. Yakiwa mengi ndipo yanakuwa treni ya Tanga. Ukichukua behewa moja la kila aina unapata duka la maonyesho. Nimeongeza la wazi la mbao, na kahawa ya Moshi ipo ndani ya mawili ambayo hayafunguki, kwa hiyo mniamini tu.

Milango ya mengine niliomba iachwe nusu wazi ili robota zionekane. Nilijaribu kuzitengeneza kwa mkonge halisi, lakini kwa 1:87 nyuzi zake zinaonekana kama kamba za kufungia meli. Uzi wa cherehani wa rangi ya maziwa, uliokatwakatwa na kugandishwa kwa gundi, unafaa zaidi.

Mzee mmoja wa mtaani Ngamiani, gadi (msimamizi wa treni) mstaafu, alikuja kuitazama. Akainama, akahesabu kimyakimya, akauliza: "Mwanangu, na mimi nimekaa wapi?" Behewa la gadi nilikuwa sijaliagiza. Aliketi na kunichorea ngazi, dirisha na mahali pa breki ya mkono, na mchoro wake ndio niliowatumia vijana. Ndilo bodi bora kuliko yote waliyonichapia.

Kasoro tatu. Wanachapa kwa plastiki ya PLA, ambayo huanza kulegea karibu nyuzi 60, na ndani ya gari lililoegeshwa juani hapa Tanga joto hilo si jambo la ajabu. Paa moja lilipinda. Wakikupa nafasi ya kuchagua resini, lipa nyongeza. Pili, mabodi ni mepesi mno yanaruka njia kwenye kona. Nimegandisha chubwi za mishipi chini ya sakafu, sasa yanatulia. Tatu, magurudumu yao ya kuchapwa hayazunguki sawa. Nimeweka ya chuma ya TT (kipimo kingine cha treni za mfano), ambayo nayo hukaa kwenye njia ya milimita 12.

Nyota nne kati ya tano. Agizo langu lijalo ni mabehewa mengine yaliyofunikwa, yaleyale.