Fimbo inunue mwisho: vifaa vya kuvulia kwa ndoano kwa anayeanza nyanda za juu kusini

Mpwa wangu anayesoma Iringa alinipigia mwezi uliopita. "Shikamoo mjomba. Nimeona fimbo ya kuvulia, nzuri kweli, niongezee hela kidogo." Nikamuuliza ndoano atatumia namba ngapi. Kimya. Nikamuuliza mshipi wa unene gani. "Si inakuja na kila kitu, mjomba?"

Hapo nikajua kijana anaelekea shimo lile lile nililotumbukia mimi. Miaka ile nilinunua kifurushi cha "kila kitu ndani": fimbo, rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi), mshipi, ndoano na vidubwasha vya rangi, vyote vimebanwa kwenye kadibodi yenye picha ya mzungu kakumbatia samaki aina ya karpi, mnene kama mtoto wa darasa la kwanza. Muuza duka akaniambia, "Kaka, hii ya Ulaya, hutajuta." Nikapanda nayo basi hadi bwawa la Mtera. Kambale wa kwanza alikata mshipi akaondoka na ndoano. Wa pili aliinyoosha. Niliivuta ikatoka majini imekuwa msumari. Jioni nikanunua samaki wa kukaanga pale barabarani kama abiria wengine, nikarudi nyumbani, na mke wangu alipouliza ni wa kuvua au wa kununua nikajifanya sijasikia.

Tangu siku hiyo nanunua kwa kuanzia mdomoni mwa samaki kurudi mkononi kwangu. Kilicho karibu na mdomo wake ndicho kinachostahili hela nzuri. Fimbo iko mbali, inaweza kungoja. Mpangilio wa hapa chini umefuata hilo. Na kwa kuwa bei za dukani hazitulii, nitapima kwa kuku wa kienyeji, ambaye kila mtu anajua leo anauzwaje mtaani kwake.

Kwanza: ndoano

Paketi ya ndoano nzuri haifikii hata robo ya kuku, lakini hapa ndipo wengi wanapobana. Wananunua moja moja kutoka kwenye kopo lenye kutu.

Namba zinachanganya, kwa hiyo zielewe kabla hujaingia dukani. Namba ikipanda, ndoano inapungua: namba 10 ni ndogo kuliko namba 6. Ukifika namba 1 mambo yanageuka, yanaanza ya mkwaju na sifuri, 1/0, 2/0, 3/0, na hapo namba ikipanda ndoano nayo inakua. Perege ana mdomo mdogo, mpe namba 8 au 10. Kambale ana mdomo kama mfuko wa koti. 1/0 hadi 3/0 inamfaa. Karpi, ukibahatika kupata bwawa lenye huyo, ni namba 6 au 8 yenye shina nene. Anayeanza anunue paketi mbili tu: namba 8 na 1/0. Hizo nyingine za katikati atazitamani mwenyewe baadaye.

Mbele ya muuzaji fanya majaribio mawili, wala usione aibu. Weka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, ikokote taratibu bila kukandamiza. Ikikwama ni kali, ikiteleza ni butu. Kisha ichomeke ncha kwenye ukingo wa meza ya mbao, uvute shina kwa koleo. Ndoano nzuri inafunguka kidogo halafu inarudi. Mbovu inabaki imepanuka, na ile ya kuvunjika utaisikia tu. Muuzaji akikasirika, mlipie hiyo moja, uondoke.

Pili: mshipi

Nailoni ya kawaida, unene wa milimita 0.30 hadi 0.35, inamtosha anayeanza kwa perege na kambale wa wastani. Ya 0.25 inatupika vizuri na perege haioni sana, ila kambale akiishika umekwisha: mdomo wake una vimeno vidogo vingi kama msasa, vinasaga nailoni polepole huku wewe unafurahia mvutano. Kwa kambale mimi naongeza kipande cha mwisho cha nusu mita chenye unene wa 0.50. Baada ya kila samaki nakipitisha katikati ya vidole, nikisikia mkwaruzo nakikata.

Adui wa nailoni ni jua. Ile mishipi inayoning'inizwa nje ya kibanda ili wapita njia waione ndiyo ya kuogopa kuliko yote, maana imepigwa jua miezi na kwa macho inaonekana mpya. Omba uliyo ndani ya boksi. Vuta mita moja, funga fundo la kawaida katikati, vuta kwa mikono miwili. Ikikatika kama uzi wa kushonea, rudisha.

Huo uliokuja umezungushwa kwenye rili ya kifurushi, utoe wote. Unafaa kufungia mahindi darini.

Fundo nalo nilihesabu kama sehemu ya mshipi. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, uzungushe mara tano kwenye uzi wenyewe, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho jirani na tundu, kisha lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni ikikazwa kavu inasuguana, inapata joto na kudhoofika palepale kwenye fundo. Mate ni bure.

Tatu: chambo, na ujanja wa unywele

Chambo cha kununua dukani sikipendekezi kabisa. Wazungu wa karpi wana vidonge vya unga na mayai vilivyochemshwa, vyenye harufu za kila namna, na vinakula hela kuliko samaki wenyewe. Twanga usipa wa Kyela, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, changanya na dona na yai, finyanga vidonge kama punje za karanga, tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika mbili, anika. Umemaliza.

Lakini kitu kimoja chao nimekipenda. Karpi hana meno mdomoni, meno yake yako kooni. Anafyonza chakula pamoja na tope, anapepeta, anatema asichokitaka. Ndoano iliyofichwa ndani ya chambo ataihisi na kuitema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Waingereza wakaanza kutumia ujanja wa Lenny Middleton na Kevin Maddocks: chambo hakikai kwenye ndoano, kinaning'inia kwenye uzi mwembamba kando yake. Majaribio ya kwanza yalitumia unywele wa mtu, na jina la unywele likabaki hadi leo. Samaki anafyonza chambo, ndoano tupu inafuata nyuma, akitema inamshika mdomo wa chini.

Kuufunga mtego huo hakuhitaji kununua chochote. Kata uzi sentimita 25. Funga kitanzi kidogo mwishoni. Toboa punje mbili za mahindi kwa sindano ya kushonea magunia, zipitishe hadi kwenye kitanzi, weka kijiti cha ufagio cha kuzizuia zisitoke. Pitisha ncha nyingine kwenye tundu la ndoano kutoka nyuma, vuta hadi punje zining'inie kama nusu sentimita chini ya mpindo. Sasa zungushia uzi kwenye shina mara saba, urudishe tena kwenye tundu kutoka nyuma, kaza kwa mate. Nimeujaribu kwa kambale, unakubali. Kwa perege hapana. Yeye anadonoa, kwa hiyo chambo chake kiwe kwenye ndoano yenyewe, kidogo, kama kibonge cha ugali uliokandwa na unga wa ngano ili usimumunyike upesi.

Mahindi yenyewe? Ukijua kupika makande umeshajua. Loweka usiku kucha, chemsha hadi punje ianze kupasuka, acha yapoe kwenye maji yake. Usitumie makavu: hayatoboki, na yanavimba tumboni mwa samaki. Mabaki changanya na pumba na mashudu ya alizeti, fanya donge, tupa mahali pamoja kabla hujaanza. Donge moja au mawili, si ndoo. Bwawa la mtu likianza kunuka hutakaribishwa tena.

Kambale wa usiku anapenda kinachonuka: utumbo wa kuku, minyoo ya kwenye mbolea, hata kipande cha sabuni ya mche. Ya sabuni nilicheka nilipoambiwa. Sicheki tena.

Nne: fimbo na rili

Sasa tumefika alipotaka kuanzia mpwa wangu. Zipo aina tatu, nazipanga hivi.

Juu kabisa naweka fimbo ya kuchomoza, ile inayoingiana kama antena ya redio, ya fiberglasi, urefu wa mita 2.4 hivi, pamoja na rili ndogo, ya ukubwa namba 3000. Kuku watatu, ukijua kupatana. Inaingia kwenye begi la mgongoni, inapanda bodaboda bila kutoboa mtu jicho. Fiberglasi ni nzito kuliko kaboni lakini inavumilia kuangushwa na kukanyagwa, na anayeanza ataiangusha na kuikanyaga. Kuikagua: ichomoze yote, funga jicho moja, angalia pete kama zimenyooka mstari mmoja. Pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikinasa nyuzi, pete ina ufa, itakata mshipi. Kwenye rili zungusha mkono wake taratibu usikilize kama kuna mchanga, halafu legeza breki uvute mshipi kwa mkono. Utoke laini, sio kwa kurukaruka. Breki inayorukaruka ndiyo iliyonikatia kambale wa kwanza.

Ya pili ni mwanzi. Huu ni bure au karibu na bure, na kwa perege wa bwawani unashinda fimbo nyingi za dukani: mita tatu na nusu, mshipi wa urefu huohuo umefungwa nchani, boya, ndoano namba 8. Hakuna rili ya kuharibika. Tafuta uliokomaa, ukauke kivulini wiki tatu. Ila ukiwa Iringa au Njombe uliza kwanza ni wa nani. Mwanzi wa ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mwanzi, ni kipato cha mtu, na niliwahi kukutwa na panga mkononi katika kichaka nilichodhani hakina mwenyewe. Mzee aliitikia "Kamwene" yangu vizuri tu, halafu akauliza kwa upole kama mimi ndiye ninayemlishia watoto. Nikaomba radhi, nikatoa hela ya lita mbili, tukanywa wote. Ule mwanzi ninao hadi leo.

Nimeuweka wa pili kwa sababu ya kambale tu. Akija mkubwa huna mshipi wa kumpa akimbie.

Ya tatu ni fimbo ndefu ya karpi, vipande viwili, futi 12, kaboni. Tamu mkononi, inatupa mbali. Lakini bei yake ni banda zima la kuku, na mabwawa mengi ya huku unaweza kumrushia mtu wa ng'ambo ya pili kiberiti. Tena kaboni inapitisha umeme. Masika ya Mbeya na radi zake, au nyaya zinazokatiza juu ya bwawa, sio mahali pa kusimama umeshika nguzo ya mita tatu na nusu.

Hivyo vidogo vidogo

Chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoano, usinunue. Plagi kuukuu ya pikipiki fundi yeyote atakupa bure, uzito unatosha na ikinasa kwenye jiwe huumii. Boya kata kwenye kandambili iliyokatika. Kinachostahili hela ni swiveli chache za kuzuia mshipi usijisokote, na koleo jembamba la kuchomolea ndoano. Kambale ana mwiba kila upande nyuma ya kichwa; mshike kwa kitambaa, kidole gumba na cha shahada vikiwa nyuma ya miiba hiyo, la sivyo mkono utavimba.

Wavu wa kuopolea tumia wa mpini mrefu kama unavua ukingo wenye mwinuko. Mtera usiukaribie ukingo kabisa jioni. Kuna mamba na viboko, na kambale hana thamani hiyo.

Wapi na lini

Mbeya anzia Mwanjelwa, Iringa soko kuu, ila kama una ndugu Kyela mwagize ndoano kule. Watu wa ziwani wananunua za kazi, wala muuzaji hathubutu kuwaletea takataka. Kabla ya kuvua ziwani, mtoni au kwenye bwawa la umma, pitia ofisi ya uvuvi ya halmashauri uulize leseni. Ruaha ndani ya hifadhi ni marufuku, hata iwe ndoano moja.

Juni na Julai, baridi ya Mufindi na Njombe ikishika, perege anakula kwa uvivu mno. Mpwa wangu nimemwambia atumie miezi hiyo kufunga mafundo na kukausha mwanzi. Hela ya fimbo sijamtumia. Nimemtumia ya paketi mbili za ndoano na rola moja ya 0.35, na amenijibu kwa neno moja: "Sawa." Najua amekasirika.