Dakika 42 ndani ya maji: uzoefu wangu na albamu ya "Become Ocean"

Kama albamu hii utaisikiliza kwa spika ya simu, bora usinunue. Mimi nilianza hivyo, na dakika za mwanzo nilidhani faili limeharibika. Muziki unaanza chini kabisa, besi na ngoma zinanguruma kama mwamba unaopigwa na maji usiku, na spika ndogo haiwezi kuzitoa. Nilipovaa hedifoni na kuzima taa ndipo nilipoisikia.

Mtunzi ni John Luther Adams, Mmarekani aliyeishi Alaska miaka mingi. Wapigaji ni Seattle Symphony, okestra ya mji wa Seattle, Marekani, wakiongozwa na Ludovic Morlot, walioipiga mara ya kwanza mwaka 2013. Mwaka uliofuata ikapata Pulitzer ya muziki, tuzo kubwa ya Marekani. Ni kipande kimoja tu, hakina pa kupumzikia.

Usitarajie wimbo wa kuimba nao. Wala mtunzi hakuweka sauti za mawimbi zilizorekodiwa ufukweni. Okestra imegawanywa makundi matatu yanayokaa mbalimbali: fidla na jamaa zake, zumari na filimbi, kisha tarumbeta na wenzake. Kila kundi linapanda na kushuka kwa mwendo wake, kwa hiyo muda mwingi yanapishana, moja likijaa wakati jingine linapwa. Mara tatu tu yanafika juu kwa pamoja, na hapo kifua chote kinatetema.

Nimekulia Pangani, baba yangu ni mvuvi, na kilele cha kwanza kilipokuja nikasema: hii ni bamvua! Jua lina mvuto wake na mwezi una wake. Vikivuta kwa mstari mmoja, maji yanapanda kuliko siku zote. Adams ameandika muziki kwa hesabu ya namna hiyo hiyo. Halafu baada ya kilele cha katikati, kama dakika ya 21, kila kitu kinarudi kinyumenyume kwa njia ile ile kilichojia. Nililisoma hilo baadaye, lakini mwili ulishajua kwamba maji yanapwa.

Mwanzoni mwa maandishi ya muziki huu Adams anakumbusha kuwa uhai ulitoka baharini, na kwamba barafu ya ncha za dunia ikiyeyuka na bahari ikipanda, huenda nasi tukageuka bahari. Nimeona minazi ya utotoni mwangu ikilala mchangani mmoja baada ya mwingine. Siwezi kuisikiliza kama burudani tu.

Kwenye gari haifai, injini inameza sauti za chini. Video ya bure nayo ilinikatia tangazo karibu na kilele, nikaumia kweli. Nunua albamu, tenga saa nzima, mwambie mtu wa nyumbani asikuite.

Sasa natafuta "Become Desert", aliyoiandika baadaye na ikapigwa kwanza na okestra hiyo hiyo mwaka 2018.