Kozi za mtandaoni: kabla ya kulipa, uliza mlango unafungwa lini

Machi mwaka jana nililipia kozi ya mtandaoni ya hesabu za vyama vya akiba na mikopo. Natunza vitabu vya saccos moja hapa Uyole, na kila mwaka mkaguzi akija nasikia aibu kwa namna tunavyopanga majedwali yetu. Kozi ilikuwa ya wiki sita, ada shilingi 118,000 kwa mwezi. Wiki ya kwanza nilisoma vizuri sana. Wiki ya pili transfoma ya mtaani kwetu ikaungua, na kwa mvua za Machi zilivyo tukakaa gizani siku tisa. Umeme ulirudi, mama akaugua, nikashuka Tukuyu kumuuguza. Nilipokuja kufungua somo la tatu nikakuta ada ya mwezi wa pili imeshakatwa kwenye kadi. Nikajikaza usiku na mchana. Ya mwezi wa tatu ikakatwa nikiwa nimemaliza kila kitu, nasubiri tu kazi yangu ya mwisho isahihishwe. Majibu hayakuja, nikasitisha malipo, na mwezi ulipoisha masomo yote yakafungwa, hata yale niliyoyalipia na kuyamaliza. Shilingi 354,000 zimekwenda. Sina cheti, na lile jedwali tulilofundishwa kulitengeneza siwezi kurudi kuliangalia hata kwa dakika moja.

Tangu nilipoanza kuwasimulia watu kisa hiki, wameniandikia wengi. Mwalimu wa Mufindi, bwana shamba wa Mbozi, muuguzi wa Makete, dada anayeuza dawa za mifugo Ipogolo. Karibu wote wana kilio hicho hicho, na karibu wote walikuwa wameuliza mambo mengine yote kabla ya kulipa: mwalimu ni nani, cheti kina nembo gani, kozi ina nyota ngapi. Hayo kila mtu anakuambia, na mimi sitayagusa. Nataka tuzungumze kuhusu saa. Saa ya kozi inaanza kuhesabu lini, inahesabu ukiwa umelala au ukiwa unasoma, na ikifika mwisho mlango unafungwaje.

Kwa ambaye hajawahi kusoma hivi: unafungua akaunti kwa barua pepe yako, unachagua kozi, unaikuta imegawanywa kwa wiki au kwa moduli. Ndani mna video fupi fupi, maandishi ya kusoma, maswali ya kujipima, na mara nyingine kazi ya kuandika au kutengeneza kitu. Kozi nyingi ni za kujiendea, unasoma saa unayotaka. Nyingine zina kundi linaloanza tarehe moja na kumaliza tarehe moja. Neno "kujiendea" ndilo linalotudanganya. Unajiendea katika kusoma, lakini katika kulipa hujiendei hata kidogo. Wapo wanaouza kwa mwezi, na mwezi haujui kwamba umeme umekatika. Wapo wanaouza mara moja. Na wapo wanaokuruhusu kuingia bure, kisha baada ya wiki kadhaa wanafunga.

Kwa kipimo hicho nimezipanga, na nitasema wazi kwamba ninayo niipendayo.

Ya kwanza: Udemy. Hii ya Marekani, ilianza 2010. Unanunua kozi moja mara moja, na kozi inabaki kwenye akaunti yako. Ukisoma mwezi huu ukaacha hadi baada ya mavuno, utaikuta ilipo. Inaweza kutoweka kama imeondolewa kwa sababu za kisheria au kwa kuvunja masharti yao, lakini ada haiendelei kukatwa ukiwa shambani. Kwa mtu anayeishi sehemu ambayo mvua inaanza Novemba na kutuachia Mei, sijaona utaratibu wa haki kuliko huu.

La pili linalonifanya niitetee ni programu yake ya simu. Unapakua somo zima kwenye simu, na kwenye mipangilio unachagua ubora wa chini wa video ili bando lisiishe. Mimi Jumamosi napita Mwanjelwa kwenye ofisi ya rafiki yangu mwenye intaneti ya kudumu, napakua masomo ya wiki nzima, na jioni nyumbani nasoma bila kuwasha data kabisa. Umeme ukikatika simu ina chaji, nasoma. Kozi ya Excel niliyoinunua Agosti nimeirudia sehemu ya majedwali mara nne, mara ya mwisho siku moja kabla ya mkaguzi kufika.

Kwenye bei lazima niseme. Wanaandika bei kubwa, wanaikata kwa mstari, kisha chini yake wanaweka bei ndogo na saa inayohesabu kurudi nyuma, kana kwamba usiponunua leo umeikosa. Usikimbizwe. Ofa hizo huja na kurudi mara nyingi sana. Usinunue kozi yoyote pale kwa bei ile kubwa, subiri tu. Ukinunua na isikufae, una siku 30 za kuomba kurudishiwa fedha, ila usiwe umeshaisoma karibu yote ndipo udai. Na ujue cheti chake ni cha kuonyesha kwamba umemaliza kuangalia masomo. Hakitakupandisha daraja popote. Nenda pale kwa ajili ya ujuzi wa mkono: hesabu za kompyuta, usanifu, kupiga picha, lugha.

Ya pili: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Anayetaka karatasi ambayo mwajiri wake hataihoji aanzie hapa, na huenda kwake hii ndiyo ya kwanza. Kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama sisi, walio kazini na wenye familia, na kina vituo vya mikoa, Mbeya na Iringa vikiwemo. Masomo unayapata mtandaoni, mitihani unaifanya kituoni. Mwendo ni wako kuliko vyuo vya kawaida: mwaka ukiwa mgumu unapunguza masomo, hufukuzwi.

Ninakipa heshima ya pekee kwa sababu ya ile meza. Kuna ofisi yenye mtu, unafunga safari unakwenda, unasema shida yako kwa Kiswahili, unajibiwa. Wale walionikata shilingi 118,000 mara tatu niliwaandikia barua nne, na zote nne zilijibiwa na mashine. Muulize mtu wa kituoni swali lile lile: nikiahirisha muhula, ada niliyolipa inahamia muhula ujao au inapotea? Mwambie akuonyeshe ilipoandikwa.

Hapo hapo niseme kuhusu vyuo vya nje vinavyouza shahada kwa mtandao. Shahada ya nje itahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ndipo ikusaidie nchini, na cheti au diploma ya ufundi ni NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Uliza kwao kabla hujalipa. Baada ya kulipa, majibu yao hayatakurudishia fedha.

Ya tatu: Coursera. Ilianzishwa 2012 na Andrew Ng na Daphne Koller, walimu wa Stanford, na masomo yake ni mazuri. Sibishani na hilo. Ningeiweka ya kwanza kama si utaratibu wa mwezi. Programu zao nyingi ndefu huanza na siku saba za bure, ukishaweka kadi, kisha kinakatwa kiasi cha mwezi, mara nyingi dola 49 hivi. Kwa dola ya shilingi 2,500 hiyo ni zaidi ya laki moja na ishirini, na itaendelea kukatwa mpaka uisitishe mwenyewe. Kujitoa kwenye kozi si kusitisha malipo. Ni vitufe viwili tofauti, na watu wengi wanabonyeza kimoja wakidhani wamemaliza.

Kuna jambo ambalo sijaona mtu analisema. Kwenye baadhi ya kozi zao, kazi ya mwisho haisahihishwi na mwalimu. Inasahihishwa na wanafunzi wenzako, na wewe unasahihisha za wengine. Kwa kujifunza ni jambo jema. Nimejifunza mengi kwa kusoma kazi za wenzangu. Lakini ukipeleka kazi tarehe 27 na mwezi wako unaisha tarehe 30, unategemea wenzako, nao wana usingizi wao na watoto wao. Kwa hiyo kazi ya kusahihishwa na wenzako ipeleke angalau siku kumi kabla ya mwezi kuisha. Ukichelewa hapo, utalipa mwezi mzima kwa ajili ya kusubiri.

Ukiamua kuitumia, chagua mwezi wako kama unavyochagua mwezi wa kupanda. Mwalimu, subiri likizo ya Juni au Desemba. Wa Mbozi, usianze msimu wa kahawa. Soma kwanza orodha ya moduli zote, pima kama mwezi mmoja unatosha, ndipo ulipe. Ada ya kwanza ikishakatwa, kesho yake ingia usitishe. Ukisitisha leo unaendelea kusoma hadi mwezi uliolipia uishe, na hakuna kitakachokatwa tena bila wewe kujua. Kuna pia msaada wa ada kwa asiye na uwezo: unaandika maelezo ya kwa nini unauhitaji, unasubiri wiki mbili hivi. Andika kwa maneno yako mwenyewe, usione haya.

Ya nne: edX na FutureLearn. edX ilianzishwa na Harvard na MIT mwaka 2012. Zote mbili zinafanana kwenye jambo langu: ukiingia bure unapewa muda, muda ukiisha mlango unafungwa, ukilipia, unaendelea kuingia maadamu kozi bado ipo. Nimeziweka chini kwa sababu wageni wengi wanaingia bure bila kujua kwamba kuna muda, wanasoma polepole, na wanafungiwa wakiwa katikati.

Za bure kabisa nitazipitia haraka. OpenLearn ya Open University ya Uingereza inakuruhusu kupakua kozi kama PDF ukasome porini, na mlango wake haufungwi. Ni ya kusoma zaidi kuliko kutazama, na inataka Kiingereza cha kutosha. Alison, masomo bure, cheti unalipia. Walimu, mnao mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania wa mafunzo endelevu, MEWAKA, hauna ada, na ni wajibu wenu kuutumia kabla ya kutoa fedha zenu mfukoni. Kozi za WhatsApp za elfu tano, kundi likifutwa na kozi imekwisha.

Sasa kuna wauzaji wa hapa hapa kwetu, na hawa wananiumiza kuliko wale wa nje. Kwenye stesheneri nyingi za mjini, Mbeya na Iringa sawa, kuna bango: tunasajili kozi za mtandaoni, elfu kumi. Mgeni anaingia, kijana anamsajili. Hana barua pepe? Kijana anatumia ya dukani, au anamfungulia mpya na kuandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi. Mwezi mmoja baadaye mama wa watu amesahau neno la siri, ujumbe wa kulibadilisha unakwenda dukani, na kijana ameshahamia Makambako. Kozi imelipiwa, haifunguki. Nimeona mama mmoja akilia pale Kabwe kwa jambo hili. Wengine wanalipa kwa kadi yao na kumtoza mteja ada ya mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili kadi haina kitu na darasa linafungwa, na mteja haelewi amekosa nini. Hii ni fedha ya viazi na ya mishahara midogo. Mtu anayefanya kazi hiyo kwa haki angetumia dakika kumi zaidi kumfungulia mteja barua pepe kwa namba yake mwenyewe ya simu na kumwonyesha jinsi ya kuingia na kutoka mara mbili mbele yake. Usitoke pale dukani kabla hujaingia kwenye akaunti kwa simu yako mwenyewe. Jina pia liandikwe kama lilivyo kwenye vyeti vyako vya shule, herufi kwa herufi, kwa sababu ndilo litakalochapwa kwenye cheti.

Dada muuguzi wa Makete, uliniuliza kuhusu kozi ya kuhudumia watoto wachanga inayouzwa kwa mwezi. Kwanza uliza Baraza la Uuguzi na Ukunga kama pointi zake zinahesabika kwenye leseni yako. Kama hazihesabiki, usiilipie kwa ajili ya leseni. Kama zinahesabika, angalia ratiba yako ya zamu za usiku, utafute mwezi wenye zamu chache, na usilipe Julai, maana kwa baridi ya huko hutashika simu nje ya blanketi. Pakua masomo yote siku ya kwanza. Siku ya pili, sitisha malipo.