Wameota Majani Kichwani: uzoefu wangu na midoli ya maskoti wa Maonyesho ya Bustani ya Beijing

Nimeishi na midoli hii miwili tangu Juni 2019. Mgeni akikaa sebuleni kwetu macho yake hupanda juu ya kabati la vyombo, kisha swali ni lilelile: hao ni akina nani? Nikijibu kwamba ni maskoti wa maonyesho ya bustani, swali la pili huja haraka kuliko la kwanza. Bustani nayo ina maskoti? Mpira tumezoea, Olimpiki tumezoea, lakini bustani?

Ina. Na hawa wawili, kwa jinsi ninavyowajua, walifikiriwa vizuri sana. Malalamiko ninayo pia, nitayataja.

Wanaitwa Xiao Mengya na Xiao Menghua, kaka na dada. Walikuwa sura ya Maonyesho ya Kimataifa ya Kilimo cha Bustani ya Beijing, yaliyofunguliwa 29 Aprili 2019 na kufungwa 7 Oktoba mwaka huohuo, siku 162, katika wilaya ya Yanqing kaskazini-magharibi mwa jiji, upande ule ule wa Badaling ambako watalii huenda kuupanda Ukuta Mkuu. Mimi nilikuwa namalizia shahada ya uzamili Beijing. Nilikwenda na rafiki yangu wa Mombasa, tukapanda basi namba 919 Deshengmen asubuhi na mapema, tukazunguka mpaka miguu ikakataa. Eneo lilikuwa hekta 503, huwezi kulimaliza kwa siku moja. Banda la China lilikuwa na paa lililopinda kama ruyi, kile kifimbo cha heri cha Wachina, na Banda la Kimataifa lilisimama chini ya miavuli 94 ya chuma yenye umbo la maua. Hapo tulikaa muda mrefu, kwa sababu ya kivuli.

Midoli tuliiona kwenye kibanda cha zawadi. Mvulana ana chipukizi la kijani limesimama utosini. Msichana ana ua. Nyuso za duara, macho makubwa, mashavu ya mtoto aliyeshiba. Rafiki yangu alimwinua yule mvulana akacheka: "Hebu tazama ndugu yangu, hawa wameota majani kichwani!"

Neno hilo, kuota, ndilo lililonifanya nitoe hela. Nitaeleza.

Nilikuwa nimejifunza Kichina mwaka mzima kabla ya kuanza masomo yenyewe, na mwalimu wetu wa maandishi alikuwa mtu wa kuvunja kila herufi vipandevipande ili tuikumbuke. Jina la mvulana, Mengya, lina herufi mbili. Ya pili, ya, maana yake ni chipukizi. Ukiivunja, juu kuna alama ya majani na chini kuna jino. Jani na jino! Mchina wa kale alipoliona chipukizi likitoboa ardhi alilifananisha na jino linalotoboa ufizi. Sasa sisi tunasemaje? Mbegu imeota. Mtoto ameota meno. Kitenzi ni kimoja, hatukukiazima kwa mtu. Nilisimama pale kibandani na mdoli mkononi, nikiwaza kwamba watu wawili walio mbali namna hii, Mswahili na Mchina, waliona kitu kilekile kwenye udongo na kwenye kinywa cha mtoto.

Binti yangu alizaliwa Desemba 2018 nikiwa huko. Nilikuwa sijawahi kumwona ila kwenye simu. Wiki hiyohiyo mke wangu alikuwa amenitumia picha ya kijino cha kwanza, cheupe, kimechungulia kidogo tu. Basi nikanunua wote wawili.

Herufi ya kwanza ya jina, meng, ina mambo yake pia. Maana yake ya asili ni kuchipua, lakini vijana wa mjini wanaitumia kusema kitu kinapendeza kama kitoto, kinakufanya utake kukibeba. Aliyewabatiza hawa watoto alishika maana zote mbili kwa mkono mmoja. Nasi tunaye ndugu wa neno hilo: chipukizi. Tunaliita chipukizi jani linalotoka, tunawaita chipukizi vijana wanaoinukia, wachezaji chipukizi, waandishi chipukizi. Ningeulizwa nimpe Xiao Mengya jina la Kiswahili ningemwita Chipukizi tu, na hakuna ambaye angehitaji maelezo zaidi.

Kuna jambo moja nililigundua baadaye, nyumbani, nikiwa nimewaweka mezani. Herufi meng ukiivunja ina majani juu, na chini yake jua na mwezi vikiwa bega kwa bega, ambavyo kwa pamoja husomeka mwanga. Mtazame mdoli mwenyewe: jani juu, uso unaong'aa chini. Ni herufi iliyogeuzwa mtoto. Huu ni usomaji wangu mimi, lakini tangu niuone siwezi kuacha kuuona. Na jina la dada, hua, ua, limeandikwa kwa majani juu ya alama ya kubadilika: jani lililobadilika. Kaka ni mwanzo, dada ni kile ambacho mwanzo ule unakuja kuwa.

Waandaaji walisema wameitoa sura ya hawa watoto katika michoro ya kale inayoitwa Baizitu, yaani picha ya watoto mia, wakicheza bustanini: huyu anarusha tiara, yule anapanda mti. Ni picha ya heri. Wachina waliitia kwenye hariri, kwenye vyombo vya kauri, kwenye mashuka ya maharusi, kumtakia bibi harusi uzao. Mtu wa pwani ataelewa bila shida, maana nasi tunamtakia mtu mema kwa kitambaa. Kanga ya harusi inasema maneno yake na anayepewa anayasoma. Katika kaburi la Dingling, moja ya makaburi ya wafalme wa nasaba ya Ming yaliyo nje ya Beijing, lilichimbuliwa koti la malkia lililodariziwa watoto mia. Malkia alizikwa na dua yake imeshonwa mwilini.

Kwa hiyo mtu akisema "ni midoli tu ya kuvutia watoto", mimi sikubaliani naye. Kumchukua mtoto wa Baizitu ukamwotesha jani utosini ni kusema kwamba bustani na uzao ni heri moja. Unapanda mti ambao kivuli chake atakikalia mwingine. Bila mtoto kwenye picha, kilimo cha bustani kinakuwa mapambo ya matajiri.

Hiyo kazi ya kuweka maana kichwani Beijing waliianza zamani. Wale Fuwa watano, maskoti wa Olimpiki ya 2008, aliowachora msanii Han Meilin, kila mmoja alivaa kilemba cha jambo lake: samaki, panda, mwenge, swala wa Tibet, mbayuwayu. Na nilipofika China Septemba 2015 nilikuta mtindo wa ajabu mitaani, watu wazima na akili zao wamebana nywele kwa vibanio vya plastiki vyenye umbo la chipukizi la maharage. Msichana wa benki, mzee wa gazeti, wote wameota. Mwaka uliofuata ndipo Xiao Mengya akatambulishwa. Nilipomwona nilimtambua kama mtu wa mtaani kwetu.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni la mzazi wa mtoto wa kike. Mvulana amepewa chipukizi, kitu kinachosukuma udongo, chenye kesho. Msichana amepewa ua, ambalo limeshafika na kazi yake ni kutazamwa. Kwa haki niseme kwamba "watoto mia" wa picha za kale walikuwa watoto wa kiume, kwa hiyo kumweka dada sawa na kaka, kimo kimoja, sanduku moja, ni hatua. Lakini ningekuwa nimeketi kwenye ile meza ya kuchora ningeuliza: kwa nini tusiwabadilishane? Ua likae kwa kaka na chipukizi kwa dada, nani angepungukiwa?

La pili ni la mahali. Maonyesho ya namna hii yalipofanyika Kunming, mji wa jimbo la Yunnan, mwaka 1999, maskoti alikuwa Lingling, kima wa manyoya marefu anayepatikana milima ya Yunnan na maeneo jirani. Ukimwona unajua uko wapi. Xi'an mwaka 2011 walimtoa maskoti wao kwenye ua la komamanga, ambalo ni ua la mji wao. Hata Osaka mwaka 1990, mchora vikatuni Tezuka Osamu aliwachorea mtoto wa kofia ya ua, na ule mkono wa Tezuka tu ulikuwa Japani tosha. Xiao Mengya na mdogo wake ni wa China nzima, lakini Yanqing simuoni ndani yao: ile mito yake, ile milima, ule ubaridi wa asubuhi ambao watu wa jijini huufuata wakati wa kiangazi. Ukuta Mkuu waliuweka kwenye nembo ya maonyesho, watoto wakaachwa hivihivi.

Kuhusu midoli yenyewe kama bidhaa. Kitambaa ni laini na hakichuji rangi. Nimeifua kwa mkono mara nyingi, sabuni ya kawaida, na mashavu bado ni yaleyale. Ujazo wa ndani ni wa pamba nyepesi, haujakusanyika vibonge. Udhaifu uko sehemu mbili. Mshono wa shingo ya kaka ulifumuka kabla mwaka haujaisha, na niliponunua sikukagua kwa sababu umati ulikuwa unanisukuma. Na lile chipukizi halina kitu cha kulishikilia ndani zaidi ya tabaka mbili za kitambaa, kwa hiyo mtoto akilishika kama mpini, na kila mtoto atalishika kama mpini kwa sababu ndipo mkono unapoenda wenyewe, litalegea. Mwenye mtoto anayetafuna kila kitu asiwe na hofu sana: hakuna vifungo wala macho ya plastiki ya kung'oka, macho yamedariziwa. Wangu alimtafuna Xiao Mengya mfululizo kuanzia siku niliyoingia nyumbani. Jino la pili lilitoka mdoli akiwa mdomoni.

Shingo alishona mama yangu, kwao Lushoto, kwenye milima ya Usambara, siku tuliyompelekea mjukuu. Alivaa miwani, akamgeuza mdoli huku na huku, akaniuliza hawa watoto wamefanya nini mpaka wakaota mimea. Nikamweleza habari yote, herufi, jino, watoto mia, kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza akishona. Kisha akasema, "Na sisi hapa tungeweka nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, lakini jibu lilikuwa nje ya mlango. Lile ua dogo la zambarau linalouzwa ndani ya vyungu Ulaya nzima, na hata kwenye masoko ya maua ya Beijing ambako wanaliita urujuani wa Afrika, asili yake ni misitu ya Usambara. Mwaka 1892 ofisa mmoja Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika rasmi na kulipa jina la huyo ofisa: Saintpaulia. Wajerumani wenyewe bado wanaliita kwa jina la milima yetu. Linaota kwenye miamba yenye unyevu, kivulini, na majani yake yana manyoya kama shavu la kitoto kichanga. Nilimwambia mama kwamba siku tutakapoandaa maonyesho ya bustani ya dunia, maskoti wetu yupo tayari, amekaa mwambani anasubiri kuitwa. Mama akasema basi awe mtoto wa kike, na asiwe na ua, awe na jani. Jani la Usambara likichomekwa peke yake udongoni linatoa mche mpya. Hilo alilijua yeye, mimi mwenye shahada nilikuwa sijalifikiria.

Nikiulizwa kama ningenunua tena, ningenunua, na ningenunua jozi, maana mmoja bila mwenzake anabaki nusu ya sentensi. Ukimpata kwa mtu aliyetumia, mgeuze kwanza uangalie mshono wa shingo.

Binti yangu sasa anasoma mwenyewe. Ua la Xiao Menghua bado liko zima, halina hata uzi uliotoka. Chipukizi la kaka yake limelala upande wa kushoto, na juzi nilipotaka kulitia kijiti ndani lisimame, aliniwekea mkono. Anasema liachwe, linafuata dirisha.