Kuijua Meksiko: makumbusho au fonda?

Ukiwa mgeni katika Jiji la Mexico na siku zako ni chache, njia mbili zitakuvuta. Ya kwanza ni Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia, pale Chapultepec, yaliyofunguliwa 1964. Humo limo Jiwe la Jua, jiwe la kuchongwa la Waazteki, wenyeji wa kale wa huko, lenye uzito wa tani zaidi ya 20, na ghorofa ya juu inaonyesha maisha ya jamii za asili za leo. Jumatatu hufungwa.

Ya pili ni fonda, mgahawa mdogo kama wa mama lishe, mara nyingi ndani ya soko. Nenda saa nane mchana, ndipo watu wanapokula mlo mkubwa. Agiza comida corrida: supu, halafu wali au tambi, kisha nyama, na juisi iliyozimuliwa kwa maji. Tortilla, yaani chapati nyembamba za mahindi, huja moto, zimefunikwa kwa kitambaa. Mahindi yake huchemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, ndiyo maana hazinukii kama ugali wetu, ingawa mahindi yenyewe asili yake ni hukohuko. Anayeinuka mezani atakuambia "provecho", yaani mlo mwema, hata kama hamjuani. Nawe jibu, usikae kimya. Ukiambiwa "ahorita", usitazame saa: ni sasa hivi, au baadaye, au ndiyo basi tena.

Mimi ningeanza na fonda. Makumbusho ningeyaacha kesho yake, ili nikifika kwenye mawe ya kusagia mahindi yaliyomo humo niwe tayari naijua ladha ya kilichosagwa.