Gunia la bustani la mifuko ya ubavuni: tathmini baada ya miezi minane

Gunia hili nililinunua kwa shilingi 18,000 kwenye kitalu cha miche kilicho kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Limeshonwa kwa turubai jeusi, linachukua udongo wa lita 80 hivi, na ubavuni lina mifuko 24 ya kupandia miche, mbali na nafasi iliyo juu. Nililinunua kwa ajili ya mama mkwe, ambaye alihamia kwetu kutoka Lushoto kwa matibabu, na ambaye baada ya kuzoea kuamkia shambani maisha yake yote alijikuta akishinda ghorofa ya pili akitazama ukuta, usingizi umempaa na chakula anakigusa tu.

Kasoro kubwa ni kwamba muuzaji hatoi maelezo yoyote ya kulijaza. Mwezi wa kwanza tulimwagilia juu, maji yakaishia juu, na miche ya mifuko ya chini ikanyauka yote. Mama mkwe ndiye aliyeamuru limwagwe na kuanza upya: akasimamisha katikati kopo la maziwa lililotobolewa pande zote mbili, akalijaza kokoto, akazungushia udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi, kisha akawa analivuta kopo juu kidogo kidogo hadi nguzo ya kokoto ikafika kinywani mwa gunia. Tangu siku hiyo maji hushuka hadi chini. Wanunuzi wajue pia kwamba gunia lililojaa na kulowa huzidi kilo 100, hivyo lijazwe palepale litakapokaa, na mwenye roshani dhaifu asilipandishe kabisa.

Mavuno yametosheleza matarajio yangu. Mchicha tulianza kuuchuma wiki ya nne, na matembele yakikatwa vikonyo huchipua tena, kiasi kwamba mboga ya jioni hupatikana karibu kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Gunia moja haliwezi kulisha nyumba ya watu watano kwa kiwango hicho, lakini limetuzoesha kula mboga iliyochumwa muda huohuo, badala ya ile iliyoshinda juani sokoni ikapoteza sehemu kubwa ya vitamini C. Kwa kuwa daktari alikuwa amemwambia mama mkwe kwamba damu yake ni pungufu, tunakamulia ndimu kwenye mboga, kwani husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, na chai, ambayo hupunguza ufyonzaji huo, tumeiondoa kwenye mlo.

Hata hivyo, kilichonishawishi kuandika ni mabadiliko niliyoyaona kwake. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio ambamo watu 30 walipewa kwanza kazi ya kuchosha akili, kisha wengine wakalima bustanini kwa dakika 30 na wengine wakasoma ndani. Kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka kwa wote, lakini ilishuka zaidi kwa waliolima. Mimi nilimwona mama aliyekuwa haongei akinigongea mlango saa 12 asubuhi: “Mwanangu, mnavu umeanza kutoa maua, ukichelewa utazidi uchungu.” Alikuwa amekwisha kugeuza kila jani kutafuta vidukari na kunyunyiza majivu. Dawa zake anaendelea nazo na kliniki haachi, lakini sasa hulala, na sahani yake hurudi tupu.

Mwezi wa tano wa kulitumia gunia, nyuzi za mifuko minne ziliachia kwa sababu ya jua, na udongo ukamwagika sakafuni. Kwa bei hiyo, mshono ulipaswa kuwa imara zaidi. Nimeagiza gunia la pili hata hivyo, kwa kuwa mama mkwe anataka la mnavu peke yake, na safari hii fundi cherehani atapitisha uzi mwingine kwenye kila mfuko kabla hatujalijaza.